Kabla Fundi Hajafomati Laptopu Yako, Soma Hii

Mwaka jana binamu yangu alipoteza mradi wake wote wa chuo. Alikuwa amejaribu Linux kando ya Windows, ikamchosha, akafuta ile sehemu ya Linux ili apate nafasi. Akawasha tena: skrini nyeusi, maandishi meupe, "grub rescue". Fundi akaiangalia dakika mbili. "Dada, hii imekufa. Ni kufomati tu." Akalipa thao mbili, akarudishiwa mashini tupu kama sahani iliyooshwa.

Kinachoniuma ni hiki: faili zake zilikuwa kwenye sehemu ya Windows, nzima kabisa. Kilichokosekana ni butiloda peke yake.

Ukibonyeza kile kitufe, kompyuta haijui Windows wala Linux ni nini. Butiloda ndiyo programu ndogo inayotafuta mfumo kwenye diski na kuuamsha. Pale kwa binamu yangu, GRUB iliamka lakini faili zake zilikuwa zimefutwa pamoja na Linux. Sasa, makanga asipokuja kazini, kwani unachoma matatu?

Wasee, hii kitu ina historia tamu. Kwenye PC za zamani, kila kitu kilianzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na msimbo wa kuwasha ulipata 446 tu. Miaka ya tisini, watu wa Linux walitumia LILO ya Werner Almesberger. LILO haikujua kusoma faili. Ilikariri tu mahali keneli ilipo kwenye diski. Ukiweka keneli mpya ukasahau kuikaririsha upya, huenda mashini isiwake tena. Ni kama kuingia mtihani na majibu ya mwaka jana.

GRUB, aliyoianzisha Erich Boleyn mwaka 1995, ilikuja na akili zaidi: inasoma mfumo wa faili yenyewe na kutafuta keneli kwa jina. LILO ikaachwa nyuma, na kazi ya kuiendeleza ikasimama 2015.

Lakini akili ina bei. Programu ikikua, mashimo nayo yanaongezeka. Desemba 2015 ilijulikana kwamba ukifika pale GRUB 2 inapouliza jina la mtumiaji, ukabonyeza kitufe cha kufuta mara 28, unapita bila nenosiri. Mara 28 tu! Mwaka 2020 likatokea lingine, BootHole, lililoweza kuruka hata Secure Boot.

Hiyo Secure Boot ndiyo inanipa maswali. Ilianza kusambaa 2012 na Windows 8: mashini inakagua sahihi ya butiloda kabla ya kuikubali, ili virusi visijifiche chini ya mfumo. Wazo ni poa. Ila funguo zilizomo kwenye PC nyingi ni za Microsoft, hadi Linux nyingi hupita kwa programu ndogo, shim, iliyotiwa sahihi na Microsoft hiyohiyo.

Mimi sipingi kufuli. Hata kwetu mlango unafungwa usiku. Ninachouliza ni nani anashika ufunguo. Kwenye PC nyingi bado unaweza kuingia kwenye mipangilio na kuizima. Kwenye simu nyingi, butiloda imefungwa na mwenye simu hana la kufanya, hata kampuni ikiacha kuleta masasisho. Umenunua kwa pesa yako, lakini unaishi humo kama mpangaji. Hiyo si sawa, na nadhani kizazi chetu kinanyamaza kwa sababu hakuna aliyetufundisha kinachotokea zile sekunde chache za kwanza.

Kwa hivyo anza na hizi. Mashini ikigoma kuwaka, usikubali kufomati kama jibu la kwanza. Muulize fundi, "Diski ndiyo mbovu ama ni butiloda?" Washa kwa flashi yenye Linux, angalia kama faili zako zinaonekana, zinakili kwanza, kisha butiloda irekebishwe. Kama diski imefungwa kwa usimbaji, utahitaji ufunguo wake, basi uhifadhi leo, mahali pengine nje ya hiyo laptopu.

Binamu yangu aliandika ule mradi upya, wiki tatu. Thao mbili zilimuuma kidogo. Zile wiki tatu bado hajazisamehe.