Simu Haitoshi: Jibu kwa Wanaobeza Warsha za Picha

Warsha za vitendo za upigaji picha huandikwa magazetini kuwa ni anasa, kwa hoja kwamba simu ya leo hujirekebisha yenyewe. Hoja hiyo haisimami Balangdalalu. Kata hiyo ya Wilaya ya Hanang iko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Machi na Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na macho ya anayepigwa picha hugeuka mashimo meusi. Dawa ni kumhamishia kivulini na kumrudishia mwanga kwa kitambaa cheupe. Umbali wa kitambaa hujulikana kwa kukisogeza, si kwa kusomewa.

Chumvi ya Ziwa Balangida, lililo jirani, ni mtihani mgumu zaidi. Kipima mwanga huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani, hivyo chumvi nyeupe hutoka imefifia na uso mweusi wa Mbarabaig aliyesimama hapo huzama gizani. Filamu za rangi za Kodak zenyewe zilisawazishwa kwa miaka mingi kwa kadi zenye picha za wanawake wa Kizungu. Mashine haikuwahi kuwa mwamuzi wa haki.

Picha ya karibu, kama ya shanga kwenye vazi la ngozi, huonekana wazi kwa kina cha milimita chache tu. Pumzi moja huiharibu.

Uhariri nao una mpaka: sehemu iliyoungua kwa mwanga haina chochote cha kurejesha, programu iwe ghali kiasi gani.