Waliopotelea Mathari

Familia nyingi za Bonde la Ufa zina babu au nyanya anayetajwa kwa sentensi moja tu: alipotelea Nairobi. Ukidadisi, wazee hubadilisha mazungumzo. Toleo hili tumewatengea hao, kwa sababu baadhi yao hawakupotea. Walipelekwa Mathari, makao ya wendawazimu ya Nairobi, wakafunguliwa faili, wakafia humo.

Makao hayo yalifunguliwa 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, na jina la Mathari likaja 1924. Malkia Victoria alikuwa ameshafariki, lakini sheria iliyowafungia watu humo ilikuwa ya enzi yake: ilitungiwa India mwaka 1858, ikaletwa huku. Hakimu na cheti cha daktari vilitosha. Wazungu, Wahindi na Waafrika walilazwa mbalimbali.

Kwa nini tuliandike hili kutoka Kamere? Vyumba vya kupanga hapa, kati ya Ziwa Naivasha na mashamba ya maua, vimejaa watu waliokuja kutafuta kazi kutoka Siaya, Bungoma, Kisii na Kitui. Daktari J.C. Carothers, aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alichunguza Waafrika 558 waliolazwa kati ya 1939 na 1943. Aliona kwamba walioajiriwa mbali na kwao walilazwa kwa wingi kuliko waliobaki nyumbani. Yeye alisingizia akili ya Mwafrika, na mwaka 1953 akathubutu kuifananisha na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Maelezo hayo tunayakataa kabisa. Sisi tunaona jambo lililo wazi zaidi: aliyeugua kijijini alikuwa na mama, ndugu na mganga, aliyeugua katika shamba la mzungu alikuwa na mnyapara na askari.

Ndiyo maana tunasema faili la Mathari lisomwe, ila lisiaminiwe kama msahafu. Elijah Masinde, mwanasoka aliyeichezea Kenya na mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwekwa humo 1945 baada ya kuipinga serikali. Akatolewa 1947. Mwaka uliofuata dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Serikali iliyomwita mwendawazimu ilimwogopa kama mtu mwenye akili timamu. Wangapi wasio na jina kubwa walifungiwa kwa kugombana na karani tu?

Anayetaka kumtafuta mzee wake aanze na kipande, kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni. Kuanzia 1920 hivi wanaume walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na karatasi yake ilibeba alama za vidole, kabila, chifu, mwajiri, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa. Jina lenyewe huenda karani aliliandika alivyolisikia, kwa hiyo usilishikilie sana. Tafuta kwa chifu na kwa shamba. Kisha nenda Hifadhi ya Taifa, Nairobi au tawi la Nakuru, uombe kumbukumbu za wilaya. Nyanya zetu hawakuvishwa kipande, na kuwapata ni kazi ngumu zaidi. Hapo kumbukumbu ya shangazi mmoja mkongwe huzidi kabati zima la serikali.

Tunaitaka Wizara ya Afya iweke utaratibu wa jamaa kusoma faili za wagonjwa waliokufa zamani, bila kumwomba mtu anayemjua mtu. Na tunazisihi familia ziache kuficha. Watoto wetu bado wanatukanana shuleni kwa jina la Mathari, na wengine wanaotukanwa hivyo wana babu wa babu aliyezikwa bila hata mmoja wa kwao kuwepo.

Mwenye kipande, barua au picha sandukuni atuletee tuipige nakala. Karatasi yenyewe arudi nayo nyumbani, na jina la mzee tutalichapa pale tu familia itakaporidhia.