KUULIZA SI KUPINGA

Siku hizi yasikika maneno katika matawi yetu, kwenye vijiwe vya kahawa na hata mikutanoni, kwamba maswali ya Wabunge ni mchezo mtupu. Mbunge husimama akasoma swali, Naibu Waziri husimama akasoma jibu, kisha wote wawili huketi, na barabara hubaki na mashimo yake. Wenzetu wengine huenda mbali zaidi: husema kwamba Mbunge wa Chama akiiuliza Serikali swali gumu, amekiaibisha Chama. Sisi twapenda kusema leo, tena kwa uwazi, kwamba maneno yote mawili si ya kweli, na kwamba hayo ya pili yana hatari kubwa kuliko ya kwanza.

Tuanze na haki yenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kisha inazihesabu kazi zake moja moja. Kazi ya kwanza katika hesabu hiyo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Utaona, ndugu msomaji, kwamba swali limetajwa kabla ya bajeti na kabla ya kutunga sheria. Waliopanga hivyo walijua kwamba asiyeuliza hawezi kusimamia.

Wazee wetu hawakuipata haki hiyo bure. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, na Gavana ndiye aliyeliongoza. Kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake wa kuuliza jambo lolote. Wawili wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945, tena kwa kuteuliwa. Mwalimu Julius Nyerere aliteuliwa mwaka 1957, akajiuzulu mwezi Desemba mwaka ule ule alipoona kwamba mashauri yake hayapokelewi. Watu wasiokuwa na mlango wa kuulizia walilazimika kuutafuta mbali. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, ili dunia isikie. Leo safari ya swali ni kutoka kijijini hadi Dodoma. Basi ni aibu yetu sisi tukiona safari hiyo ni ndefu.

Wanaosema kwamba swali halina nguvu wakumbuke habari za Hola, nchi jirani ya Kenya. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizi ya Hola, watu 11 walipigwa na walinzi hata wakafa kwa kuwa walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya Serikali ya kikoloni ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Hilo lilikuwa jibu rasmi, limeandikwa na kutiwa muhuri. Lakini jibu likiwa la maandishi halikimbii. Uchunguzi wa hakimu ulionyesha kwamba walikufa kwa kupigwa, na Wabunge mjini London waliendelea kuuliza na kujadili hata mwezi Julai mwaka ule. Jibu la maji liligeuka kuwa aibu ya Serikali yenyewe. Kama lingekuwa neno la mdomo lililosemwa barazani, lingekanwa kesho yake.

Hiyo ndiyo sababu sisi twalithamini sana swali lenye kudai jibu la maandishi. Saa ya maswali ni fupi, na watu ni wengi. Jibu la mdomo laweza kupambwa kwa pongezi na shukrani mpaka muda ukaisha. Lakini jibu lililoandikwa lina tarehe, lina jina la Wizara, na lina hesabu. Huwekwa katika Taarifa Rasmi, yaani Hansadi, na mwaka unaofuata mtu aweza kulifungua akasema: Bwana Waziri, mwaka jana ulituambia hivi, leo watuambia vile, ni lipi tulishike?

Hata hivyo lazima tuseme kweli kwamba majibu mengi mabovu huzaliwa na maswali mabovu. Swali ambalo Wabunge wetu wamelizoea mno ni lile la "Ni lini Serikali itajenga barabara yetu?" Jibu lake kila mtu alijua kabla halijasomwa: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Hapo Waziri hajasema uongo, wala hajasema kitu. Sasa swali hilo hilo liulizwe hivi: Katika bajeti ya mwaka uliopita zilitengwa shilingi ngapi kwa barabara hii? Zilizotolewa ni ngapi? Zimejenga kilometa ngapi, na kuanzia wapi hadi wapi? Waziri hawezi kujibu hilo kwa kutambua umuhimu. Itambidi atoe hesabu, na hesabu mwananchi aweza kuipima kwa miguu yake mwenyewe.

Mambo ya usafiri si mashimo ya barabara tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati ya Ukara, na waliokufa walikuwa 228. Tazama hesabu hizo mbili, ndugu: waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya waliostahili kupanda. Na kila mara baada ya msiba ilikuwa taabu kujua hasa ni wangapi waliokuwamo ndani.

Maswali yaliyopaswa kuulizwa yalikuwa mepesi. Chombo hiki chachukua watu wangapi? Nani huwahesabu wanapopanda? Orodha ya majina hubaki wapi chombo kinapong'oa nanga? Mara ya mwisho kilikaguliwa lini, na mkaguzi aliandika nini? Hakuna swali hata moja hapo lenye kumtukana mtu. Lakini likiulizwa mapema, ofisa mmoja mahali fulani hulazimika kwenda gatini kutazama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi, baada ya Bukoba, Nungwi na Ukara, hatukujenga ukuta, tulichimba makaburi.

Tugeuke upande wa uhalifu. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilipata aibu kubwa kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya imani za uchawi na tamaa ya mali. Viongozi walilaani, nasi tulilaani pamoja nao. Lakini laana haimfungi muuaji. Hukumu ya kwanza ilitolewa mwezi Septemba 2009, pale Mahakama Kuu ilipowahukumu kifo watu 3 huko Kahama, na wakati huo makumi ya watu walikuwa wamekwisha kuuawa. Swali lenye manufaa juu ya uhalifu wa namna hiyo si kwamba je, Serikali inalaani. Swali ni hili: Ni mashauri mangapi yamefunguliwa polisi, mangapi yamefika mahakamani, mangapi yamekwisha, na yaliyosimama yamesimama kwa kukosa nini? Kama ni ushahidi, tuambiwe. Kama ni fedha za kuwasafirisha mashahidi, tuambiwe. Mbunge Al-Shymaa Kwegyir aliyeteuliwa mwaka 2008, na Salum Khalfan Barwany aliyechaguliwa na watu wa Lindi Mjini mwaka 2010, wote wawili wenye ualbino, walionyesha kwa kukaa kwao tu Bungeni kwamba wanaowindwa gizani wana haki ya kusimama mchana na kuuliza.

Na afya ya umma ni vivyo hivyo. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikaenea karibu mikoa yote ya Bara na kufika Zanzibar. Kufikia katikati ya mwaka 2016 waliougua walikuwa wamepita 20,000, na mamia walikufa. Kipindupindu si mkosi. Ni ugonjwa wa maji machafu na choo kibaya, na mahali palipo na maji safi hakina pa kukaa. Basi yafaa kuuliza kabla ya masika, wala si baada ya maziko: Katika kata fulani kuna vioski vingapi vya maji vinavyofanya kazi leo? Visima vilipimwa lini, na majibu ya vipimo yalikuwaje? Wizara ikiwa na majibu mazuri, itafurahi kuyatoa. Ikiwa haina, ni heri aibu ya Waziri kwa dakika 5 kuliko msiba wa mtaa mzima. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Sasa twarudi kwa wenzetu wanaoogopa. Wao husema, tukiuliza sana adui watatucheka. Sisi twawauliza: ni nani aliyepanda MV Nyerere? Walikuwa wakulima, wavuvi na akina mama waliotoka sokoni. Wamo waliokuwa na kadi za Chama na wasiokuwa nazo, na maji hayakuuliza kadi. Chama hakikuundwa ili kuwalinda Mawaziri dhidi ya maswali. Kiliundwa ili mtu mnyonge apate pa kusemea. Mbunge anayeuliza kwa adabu na kwa hesabu anaisaidia Serikali kuona mahali ambapo macho yake hayafiki. Mbunge anayenyamaza ili asionekane mkorofi, huyo ndiye anayeidhoofisha, kwa kuwa siku moja wananchi watauliza wenyewe kwa kura zao.

Wala tusimtupie Mbunge mzigo wote. Yeye ni mtu mmoja, na jimbo lina vijiji vingi. Twashauri kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, katika mkutano wa kila mwezi, wanachama wachague jambo moja tu la usafiri, la usalama au la afya, na waliandike kama swali lenye mahali, tarehe na hesabu. Si "dawa hakuna", bali zahanati ya kijiji fulani imekaa siku ngapi bila dawa ya malaria tangu mwezi wa Januari. Pili, swali hilo apewe Mbunge kwa mkono, na nakala ibaki tawini. Tatu, kila tawi liwe na daftari la majibu. Jibu likija lisomwe mbele ya watu wote, liandikwe humo pamoja na tarehe ya ahadi iliyotolewa, na tarehe hiyo ikifika pasitokee kitu, swali lirudi tena. Ahadi ni deni, na deni bila daftari husahauliwa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari la shilingi chache, na katibu asiyechoka. Mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua, na mzee asiyejua kusoma awaeleze vijana daraja lilianguka mwaka gani, kwa kuwa hesabu nyingi za nchi hii zimo vichwani mwa wazee wala hazimo katika majalada ya ofisi. Mkutano wa Bunge ujao usitukute mikono mitupu. Katibu wa tawi, itisha mkutano wako.