Usichome Gitaa la Babu, Litengeneze

Gitaa la babu lilikaa stoo miaka mingi, limejaa vumbi na utando wa buibui, hadi siku mjomba alipoliona akauliza, "Hili si la kuwashia jiko tu?" Nililinyakua mbio. Nawaandikia kwa sababu najua hata kwenu kuna moja, juu ya kabati ama kwenye chumba cha kwaya, na kuna mtu ashaamua ni kuni.

Msimamo wangu ni huu: usitupe gitaa kuukuu la mbao, wala usiliuze kwa bei ya hasara, kabla hujajua linaumwa wapi. Mengi hayajafa. Yameachia gundi tu.

Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Mimi nilianza vibaya. Daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi pale chini, lilikuwa limeinuka upande mmoja. Nikamwaga supa gluu, nikavalisha nyuzi mpya za chuma, nikapiga picha nikaweka status. Saa nane usiku, paa! Daraja liling'oka na kipande cha ubao wa mbele. Mama alidhani ni wezi.

Nilikosea mara mbili. Kwanza, hilo ni gitaa la nyuzi za nailoni. Dalili zilikuwepo: kichwa kina mianya miwili mirefu, na nyuzi hufungwa fundo kwenye daraja. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Za nailoni, takriban kilo 40. Pili, gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi ya zamani.

Basi fanya hivi. Legeza nyuzi zote. Gonga mwili wa gitaa kwa kidole ukizunguka polepole. Panapolia kama debe bovu, huenda mbao zimeachana. Tazama shingo kutoka kichwani, vile seremala hutazama ubao, uone kama imepinda. Kwangua gundi ya zamani hadi mbao ionekane, paka gundi nyeupe ya seremala, kisha ubane kwa klampu. Huna? Azima kwa fundi wa fanicha hapo mtaani. Acha siku nzima. Siku nzima, msee, si nusu saa! Vigingi vilivyokwama vitie tone la mafuta ya cherehani. Na usipige msasa mwili wote ati ling'ae, maana vanishi nene hufifisha sauti. Shingo ikiwa imevunjika, mpelekee anayejua. Hiyo si aibu.

Kuna watakaosema magitaa mapya ya bei nafuu yamejaa madukani. Sawa, kama una hela. Lakini kumbuka George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963. Alivuma nchini kwa gitaa kavu la mbao na chupa ya soda ikikwaruzwa kando yake. Hakuhitaji stima wala spika kubwa. Sisi tunalia kila siku kwamba vijana hatuna vifaa, na vifaa vinaliwa na mchwa nyumbani kwetu.

Nanyi wakuu wa shule na makanisa, mnaofungia magitaa mabovu kabatini: wapeni vijana watatu hayo magitaa, chupa ya gundi na likizo moja. Mkiona hayajapona, bado hamjapoteza kitu. Yalikuwa yanaoza tu.

La babu sasa linapiga, na kovu lake pale kwenye daraja. Mjomba alikuja Jumapili, akaomba alishike kidogo. Kumbe anajua wimbo mmoja, aliofunzwa na babu akiwa mdogo! Hatukuwahi kumsikia akiupiga, kwa sababu gitaa lilikuwa stoo.

Hilo la kwenu, lishushe leo.