Gitaa la Mbaraka na Upande wa Pili wa Santuri

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na nafasi finyu. Kila upande ulibeba dakika chache tu, na bendi ya dansi iliyozoea kukesha na watu ukumbini haiwezi kumaliza maneno yake yote kwa muda huo. Ndiyo maana wimbo ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza mashairi na waitikiaji, sehemu ya pili magitaa na saksafoni. Katika nyumba nyingi upande wa kwanza ndio uliochakazwa na sindano, na wa pili ukabaki unang'aa. Ndugu msomaji, anayetaka kumfahamu Mbaraka Mwinshehe na aanze na huo unaong'aa.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoundwa Morogoro Jazz, bendi aliyojiunga nayo mwaka 1965. Mji huo haukuwa mgeni wa muziki. Reli ya Kati ilikuwa ikiteremsha pale watu wa kila kabila, mashamba ya mkonge yalijaa wafanyakazi waliotaka burudani kila mwisho wa mwezi, na Salum Abdallah alikwisha kuwafundisha wakazi kucheza rumba. Salum aliisikia Kuba katika santuri zenye herufi GV, akaanzisha La Paloma, ambayo baadaye ilikuwa Cuban Marimba. Wapenzi wa Cuban Marimba na wale wa Morogoro Jazz walishindana kama Simba na Yanga. Mwaka huo huo wa 1965 Salum alifariki katika ajali ya gari, na Juma Kilaza akashika uongozi wa bendi. Kijana Mbaraka akakuta kiti kimoja kikubwa cha muziki wa Morogoro hakina mtu.

Wako wanaouliza kama gitaa lake lina undugu na bluzi ya Wamarekani weusi. Undugu upo, ingawa si wa kuigana. Katika bluzi mwimbaji hutoa kilio chake, kisha gitaa humjibu. B.B. King alilipa gitaa lake jina la kike, Lucille, na akalipa zamu yake ya kusema: yeye akiimba gitaa lilinyamaza, na gitaa likilia yeye alinyamaza. Mbaraka naye alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, akijiuliza kwa kinywa na kujijibu kwa vidole. Mdundo wa chini ni wa rumba, lakini juu yake solo huchukua sauti ya wimbo, huirudia, huipindua, na hatimaye huiacha kabisa na kwenda zake. Hapo ndipo upande wa pili unapoanza kuwa na thamani. Mashairi yametueleza jambo lililompata mtu. Gitaa linatueleza alivyokesha akilifikiri.

Inafaa kukumbuka hali ya wakati ule. Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Mwaka uliofuata Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70, na magitaa yake ya umeme mkononi. Hakuna aliyeona ajabu. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini kilizungumza Kiswahili, na kwa hilo pekee Mbaraka aliwajibu wakuu na vijana kwa pamoja.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano, yenye mtindo wa Masika. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu anayeishi chini ya Uluguru, ambako mawingu ya bahari huulowesha kwanza upande wa mashariki, Kinole na Matombo, na mji hupata yaliyobaki. Katika Super Volcano nyimbo zilipata pumzi ndefu zaidi. Wapo wachezaji wanaolalamika hata leo kwamba solo zile ni ndefu mno. Mchezaji aliyechoka ana haki ya kukaa na kusikiliza.

Mwenzake Patrick Balisidya wa Afro 70 alichukua njia nyingine. Mwaka 1979 alitoa "Bado Kijana", santuri kubwa aliyoitengeneza pamoja na wanamuziki wa Sweden wa kundi la Archimedes Badkar, ambamo dansi letu linakutana waziwazi na roki ya majaribio. Mbaraka hakuishi kuyaona hayo. Alifariki katika ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979.

Kwa nini Kenya? Radio Tanzania iliwarekodi wanamuziki kwa ajili ya matangazo, lakini aliyetaka santuri ya kuuza alitazama Nairobi, kwenye kampuni na mitambo ya kuichapa. Hata mpaka ulipofungwa Februari 1977, haja hiyo haikufungwa nao. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilitoa mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa "Ukumbusho", ukikusanya nyimbo zilizokuwa zimetoka mojamoja. Kwa hiyo wengi wamempokea Mbaraka katika mpangilio ambao hakuuchagua yeye, na wakamhukumu kwa wimbo mmoja, "Shida", uliopendwa mno pande zote mbili za mpaka. Wamemfanya mwimbaji wa majonzi tu. Hukumu hiyo ni finyu. Mtu aliyetunga "Jogoo la Shamba" na "Mtaa wa Saba" alijua pia kucheka.

Liko suala zito zaidi la urithi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa tungo za Mbaraka hapa nchini unaishia mwaka 2029. Baada ya hapo yeyote ataweza kuzipiga na kuziuza bila kuwauliza warithi. Miaka iliyobaki ni michache, na watunzi wenzake wa enzi ile nao wana warithi. Familia yenye mtunzi ndani yake iulizane mapema: nani aliandika maneno, nani alitunga sauti, mkataba uko wapi, na kama umepotea, ni nani aliye hai anayekumbuka. Kipande cha karatasi chenye saini ya mzee mpiga besi kinaweza kuwa na uzito kuliko simulizi za msibani.

Na wenye santuri kabatini wasizilaze moja juu ya nyingine, kwani hupinda. Zisimamishwe wima, mbali na jua na jiko. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kwa kuufuata mzunguko, wala si kwa kuukata. Karatasi ya katikati isiloweshwe, maana humo ndimo mlimoandikwa jina la mtunzi.