Wakitoroka kwa boti, kosa si lao peke yao

Mwezi wa tisa, mvua ikirudi Kivu, kuna wachumba wanaopanga kutoroka: wapande boti Minova, washuke Idjwi, waanze maisha kando ya ziwa. Ziwa ni zuri, ndiyo, ingawa Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku na kuua watu wengi. Lakini hawaendi kutembea. Wanakimbia mahari.

Baba aliyeacha mifugo yote kijijini bado anadai ng'ombe kwa mkwe anayelala chini ya hema kama yeye. Kijana atawatoa wapi? Wazee, sheria ya familia inakubali ndoa hata mahari ikitolewa sehemu tu. Pokeeni mbuzi mmoja, hata jembe. Mengine yatafuata amani ikirudi.

Nanyi vijana, kutoroka si ndoa. Binti asiyetimiza miaka 18 aachwe kwao, hata kama mwenyewe anakubali. Aliyetimiza asivuke ziwa kabla ya kupita ofisi ya komini na mchumba wake. Bwana akifa, mashemeji watamfukuza pamoja na watoto, naye hana karatasi ya kuonyesha.