Risala ya wachimbaji wadogo na familia zao kuhusu taarifa za serikali wakati wa maafa migodini

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga na Geita, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, maafisa habari wa serikali, ndugu wanahabari,

Sisi ni wachimbaji wadogo, wenye maduara (mashimo ya kuchimbia), mama lishe na wake wa wanaapolo wanaoshuka humo, kutoka Kahama hadi Nyarugusu. Leseni na mrabaha vina siku yake. Leo tumekuja na jambo moja tu: duara likititia, serikali huzungumza na nani kwanza?

Mambo huenda hivi. Ardhi inatitia asubuhi, na kabla vumbi halijatua wenzetu wameshashika sululu. Baadaye magari yanafika, utepe unafungwa, simu za vijana zinachukuliwa wasije wakasambaza taharuki. Mama aliyekuja mbio na kanga moja anaambiwa, “Mayu, kaa pale mwembeni, utaelezwa.” Anakaa. Jioni anaelezwa na redio ya muuza vocha, kwamba hali imedhibitiwa na wananchi wawe watulivu. Mwanawe ni mmoja wa “watu wanaokadiriwa”.

Kukadiria kwa nini, Waheshimiwa, wakati majina yapo? Yamo kwenye daftari la msimamizi wa duara, lile lililochakaa kwa jasho na vumbi la mwamba: nani kashuka, saa ngapi, shifti ya nani. Yapo maduara yasiyo na daftari, na wenye maduara hayo tunawasema hapa mbele yenu. Lakini lilipo, lifunguliwe kabla ya kamera.

Familia inayojua jina la mtu wake haitulii kwa neno “hali imedhibitiwa”, na ina sababu. Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama. Walishahesabiwa kuwa wafu. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa hai, wameishi kwa mizizi, mende na vyura, baada ya wenzao kusikia sauti zao. Tangu hapo, ukituambia uokoaji umesitishwa bila kutueleza nani kaamua na kwa kipimo gani, hatuondoki pale shimoni. Januari 2017 kule Geita watu 15 walifukiwa, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu. Pongezi zilistahili, tulizitoa, na tunazirudia. Tarehe 11 Agosti 2025 ikawa zamu ya Nyandolwa, watu 25 chini katika mgodi wa Chapakazi, na siku zikawa nyingi kuliko tulivyoomba.

Lipo la zamani zaidi. Mwaka 1996 wachimbaji waliondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu, na madai kwamba zaidi ya 50 walifukiwa hai hayajaisha hadi leo. Serikali ilikanusha. Waliodai uchunguzi huru, akiwamo wakili Tundu Lissu, walifunguliwa kesi ya uchochezi. Mwaka 2002 wakaguzi wa Benki ya Dunia walisema hawakuona ushahidi wa vifo hivyo. Hatukuja kuamua nani mkweli. Tunachosema ni kwamba kesi ya uchochezi haikumnyamazisha mtu hata mmoja huku kwetu. Watoto waliozaliwa baadaye wanasimulia habari hiyo kama waliiona.

Kukanusha kwanza kumekuwa mazoea, na si kwenye migodi tu. Mwaka 2020 takwimu za korona zilikomea wagonjwa 509, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Januari 2025, jirani zetu wa Biharamulo walisikia Shirika la Afya Duniani likitaja ugonjwa wa Marburg, wakasikia wizara ikisema sampuli hazikuonyesha kitu, kisha tarehe 20 wakamsikia Rais Samia akithibitisha kuwa upo. Rais alisema ukweli, na tunamheshimu kwa hilo. Ila katika siku hizo za katikati, muuguzi wa zahanati alimwamini nani?

Ibara ya 18 ya Katiba inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha yake. Kwa hiyo tunadai familia ziambiwe kabla ya vyombo vya habari, na mtu mwenye cheo, ana kwa ana, kwa Kiswahili na Kisukuma. Ateuliwe msemaji mmoja eneo la tukio, asimame kwa saa zinazojulikana asubuhi na jioni hata kama hana jipya, na aseme kwamba hana jipya. Idadi ikibadilika, atamke ile ya jana na sababu ya kubadilika. Mwandishi wa habari aruhusiwe kusimama mahali anapoona kazi bila kumzuia mwokoaji. Simu zilizochukuliwa zirudishwe siku hiyohiyo, picha zikiwa hazijafutwa. Na uokoaji ukisitishwa, mchimbaji mzoefu anayeaminiwa na familia awepo kwenye kikao cha uamuzi, sahihi yake iwe chini ya karatasi.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 za kujibu. Tunaomba majibu kwa maandishi, yabandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji chenye maduara.